Bi Saleha na Kikombe cha Uzi wa Kijani

Tarehe 30 Aprili 2019, baada ya miaka ishirini na sita ya kazi katika kampuni yetu ya wakala wa wafanyakazi wa nyumbani, Bi Saleha Ghalib anakabidhi funguo za bweni letu la Ruwais, hapa Jeddah, na kustaafu. Waliotarajia wasifu huu uandikwe na mtu wa ofisini watanisamehe. Onesmus wa uhasibu alipoombwa alishikwa na kazi nyingi ghafla. Zeinab wa mapokezi akasema akianza tu kuandika atalia. Basi kalamu ikaletwa jikoni. Mimi ni Sellah, mpishi wenu, yule ambaye chapati zake mmezipa majina nisiyoweza kuyataja kwenye jarida la watu wenye heshima.

Bi Saleha alizaliwa papa hapa Ruwais, mwaka mmoja baada ya wazazi wake kufika kutoka Unguja mnamo 1964. Kiswahili alikipata nyumbani, na sisi wa kutoka Kenya tumezoea kumtania kwamba anaongea kama taarifa ya habari. Yeye hujibu kwamba sisi tunaongea kama watu wanaogombania kiti.

Alianza kazi mwaka 1993 katika ofisi yetu ya Riyadh, kule Batha, alikokuwa akiishi na marehemu mumewe. Kazi yake ilikuwa kutafsiri kati ya wasichana wa kazi na waajiri wao. Siku moja aliitwa mtaa wa Al-Malqa na madam aliyelalamika kwamba msichana wake ana kiburi: akigombezwa hamtazami usoni, anatazama chini. Bi Saleha akamweleza kwamba kwa huyu binti, kumkodolea macho mkubwa wako anapokusema ndicho kiburi chenyewe. Madam alifikiri sana. Inasemekana kwamba tangu siku hiyo akawa anamgombeza huku wote wawili wakitazama zulia.

Alipofiwa na mumewe alirudi Jeddah, akapewa bweni. Miaka michache baadaye Wakenya tukaanza kumiminika, ndege kwa ndege, na bweni likajaa wanawake wanaongoja mwajiri, wanaobadilisha mwajiri, au wanaongoja ndege ya kurudi kwao. Wote akawaita wanawe, hata mimi niliyemzidi unene kwa nusu.

Jambo moja lilimpa sifa kila mahali. Bi Saleha hakuhesabu watu. Nyanya yake wa Unguja alimkataza tangu utotoni, kwamba kumhesabu mtu ni kumtia jicho. "Watu si mbuzi wa Idi," ndivyo alivyokuwa akisema. Badala yake alihesabu vikombe. Kila aliyeingia bwenini alipewa kikombe cha bati chenye uzi wa rangi yake kwenye mshikio. Tukitoka safari, kila mtu hutia kikombe chake katika beseni kwa mkono wake mwenyewe anapopanda basi. Beseni likijaa nyuzi zote, Bi Saleha husema, "Yalla, Murad," na gari linaondoka. Yeye mwenyewe hakuwa na kikombe. Alikunywa kwa kifuniko cha chupa ya chai, kwa sababu, alisema, anayehesabu haingii katika hesabu.

Mtindo huo haukuwahi kumwangusha hadi ile safari ya baharini ya Machi 2014. Nimeruhusiwa na mwenyewe kuisimulia, kwa sharti kwamba nisitaje ile kandambili yangu. Nitajitahidi.

Ilikuwa likizo ya shule ya majira ya kuchipua, joto bado halijawa adui, na meneja alikubali basi liwapeleke wanawake wa bweni ufukweni, kaskazini ya Obhur, waende na kurudi siku hiyo hiyo. Maryann hakuwa katika orodha ya safari hiyo. Msichana huyu wa Kericho alikuwa amefanya kazi Al-Malqa miaka miwili, kisha miezi minne ya juu akimbembeleza kafili wake, yule mwajiri mdhamini, ampe ruhusa ya kuondoka nchini. Ruhusa ilikuwa imepatikana kwa shida, nayo ilikuwa inaisha usiku wa siku hiyo hiyo. Ndege yake ilikuwa ya usiku huo. Na meneja alikuwa na sheria: anayesafiri havuki geti.

Maryann hakulia. Alisema tu kwamba miaka miwili amekaa nchi yenye bahari bila kuiona, na kwamba nyanya yake anaamini maji ya chumvi ni uongo wa walimu, maana nani angeweza kununua chumvi yote hiyo. Bi Saleha akaingia ofisini. Tulimsikia kupitia mlango. "Asiporudi, niandikeni mimi mtoro." Meneja akajibu taratibu kwamba atafanya hivyo, na kazi pia atampa mwingine.

Tukaenda, Maryann akiwemo. Dereva alikuwa Murad, mpwa wa Bi Saleha, ambaye huendesha basi kwa upole wa mtu aliyebeba mayai ya mama yake. Baharini kila mmoja alikuwa mtoto. Maryann aliingia majini na abaya yake mpaka magotini, akachovya kidole, akalamba, akapiga kelele: "Kumbe si uongo! Risper, ni chumvi kweli! Chumvi ya bure!" Mimi niliingia mpaka vifundoni, na zaidi ya hapo sisemi, ila kwamba nilirudi Ruwais na kandambili moja.

Jua lilipoanza kushuka Bi Saleha alikuwa amelemewa na goti. Risper alimwona akichechemea. Risper, mnaomjua mnajua, ni mtu ambaye hata paka wa jirani humwandalia sahani. Akapita mkekani akaokota vikombe vyote, akavisuuza, akavipanga katika beseni na kuliweka chini ya kiti cha Bi Saleha. Wakati huo Murad alikuwa akihangaika na gurudumu lililozama mchangani, na sisi wengine tulikuwa tunasukuma na kutoa ushauri, hasa ushauri. Gari likatoka. Tukapanda kwa vicheko. Bi Saleha akatazama beseni, akaona nyuzi zote zimetimia. "Yalla, Murad."

Tulisimama kituo cha mafuta kwa swala ya magharibi. Baada ya swala nikamimina chai, kama kawaida yetu, na vikombe vikaanza kuondoka kwenye beseni kimoja kimoja. Kimoja kikabaki.

"Nani hajachukua chai yake?" nikauliza. "Inapoa, na sukari si ya baba yangu."

Uzi ulikuwa wa kijani. Bi Saleha alikichukua kikombe akachungulia ndani, kana kwamba angemkuta Maryann amekaa chini. Kisha akainuka akatazama kiti cha nyuma. Mkoba wa Maryann ulikuwepo. Simu ilikuwa ndani yake, na ikama pia, kile kibali cha kuishi nchini.

Risper akajipenyeza mbele. "Ni mimi. Niliosha zote. Mama, nilitaka tu kukuokolea goti."

"Panda gari, mwanangu. Utalia ukiwa umekaa."

Jerusha, mwenzetu mwenye akili ya haraka, alisema tupige simu polisi wamtafute. Bi Saleha akatikisa kichwa. Msichana peke yake ufukweni, gizani, bila ikama: polisi wangempeleka kituoni kwanza na kuuliza baadaye. Akilala kituoni usiku huo, ruhusa ya kuondoka inakufa, na nani angerudi kumbembeleza yule kafili? Kaunta ya ndege ilikuwa inafungwa saa mbili na nusu. Akampigia Zeinab bwenini, akamwambia achukue sanduku la Maryann na pasipoti yake, akodi teksi, akangoje uwanja wa ndege. Kisha akamgeukia Murad.

"Mama mkubwa, kiza kimeshaingia."

"Ndiyo maana gari lina taa."

Sehemu ya kugeuzia gari ilikuwa mbali, na kila kilomita tuliyokwenda kuitafuta tulikuwa tunajitenga naye. Basi lililokuja likiimba sasa lilikuwa la maombi. Mtu alikuwa anaomba kwa Kiswahili, mwingine kwa lugha ya kwao, na nyuma kabisa Risper alikumbatia beseni tupu.

Mbele tukakuta kizuizi cha polisi. Askari kijana akammulika Murad, akamulika madirisha, akauliza kwa nini basi la wanawake linakwenda pwani watu wanaporudi. Akauliza ni wangapi. Murad akamtazama mama yake mkubwa.

Sijawahi kumwona Bi Saleha akiwa na hofu kama dakika ile, na haikuwa hofu ya askari. Alisimama. Akasema bismillahi. Akapita kati ya viti akigusa kichwa cha kila mmoja wetu na kuhesabu kwa sauti, kwa Kiarabu, mpaka nyuma. Kiganja chake kilikuwa cha baridi. Akarudi mlangoni.

"Thelathini na mmoja," akamwambia askari. "Wa thelathini na mbili ndiye tunayemfuata. Tumemwacha baharini. Kosa ni langu."

"Mtu anasahauliwaje, mama?"

Hakujitetea. Alimwonyesha kikombe. Askari alikigeuza mkononi, akakitazama kile kiuzi, na nadhani hakuelewa kitu, lakini alimwelewa aliyekishika. Akasema doria hupita ufukweni kabla ya isha. Akaondoa kizuizi. "Yalla, mama. Yalla, yalla."

Kwa mara ya kwanza katika historia ya kampuni hii, Murad alikanyaga mafuta.

Tulipofika, pale tulipotandika mkeka hapakuwa na mtu. Murad akawasha taa kubwa: mchanga, nyayo zetu wenyewe, maji meusi. Tukaita. Akapiga honi. Tukaita tena. Bi Saleha alishuka akatembea mpaka ukingo wa maji na goti lake lile, akasimama na kikombe mkononi, na hakuna aliyethubutu kumfuata.

Ndipo upande wa mawe ikasikika sauti ya mwanamke, kwa Kiarabu: "Mnamtafuta wa chupa?"

Kulikuwa na familia imeketi kwa taa ndogo, inachoma nyama. Mama wa familia aliitwa Hala. Kati ya watoto wake wawili waliolala ameketi Maryann, amefunikwa blanketi la watu, chupa ya maji ya bahari imesimama mapajani. Alikuwa amekwenda nyuma ya mawe kuijaza, kwa sababu maji ya upande wetu tulikuwa tumeyavuruga, na aliporudi alikuta alama za magurudumu. Doria ilikuwa imeshapita. Hala aliwaambia askari kwamba huyu ni wa kwake, analea watoto, na kuwapa mishikaki ili wasiulize zaidi.

Bi Saleha alimnyoshea kile kikombe. Maryann ndiye aliyesema.

"Sikukimbia popote, Mama. Nilijua mkifika kwenye chai mtarudi."

Nimepika miaka mingi. Sijui kama chai yangu imewahi kuaminiwa kiasi kile.

Uwanja wa ndege tulifika kaunta ikiwa inafungwa. Zeinab alikuwa amelishika sanduku kama mtu aliyemkamata mwizi. Chupa ikavingirishwa kwenye mtandio ikatiwa ndani ya sanduku, na Maryann akaondoka Saudia na pindo la abaya likidondosha maji kwenye sakafu ya watu. Wiki mbili baadaye akatupigia kutoka Kericho. Nyanya alikuwa ameonja. Alisema wameyatia chumvi njiani.

Bi Saleha hakungoja habari zimfikie meneja kwa midomo ya watu. Asubuhi alikwenda mwenyewe akamweleza yote, pamoja na hesabu ya vichwa. Meneja aliuliza jambo moja tu, kama msichana amefika, na alipoambiwa amefika akarudi kwenye kompyuta yake. Kuanzia siku hiyo ni marufuku kumwoshea mwenzio kikombe kabla ya gari kuondoka. Na kabla ya "Yalla, Murad," Bi Saleha husema bismillahi na kutugusa vichwa, mmoja mmoja. Tumezoea. Wageni hudhani wanabarikiwa, nasi hatuwasahihishi.

Ningeweza kuendelea kuandika juu ya madarasa ya Kiarabu aliyofundisha barazani bila malipo, juu ya waajiri aliowalainisha kwa simu na wawili aliowashinda kwa kelele, na juu ya Risper, ambaye leo ndiye anayekabidhiwa funguo. Ndiyo, Risper yule yule. Bi Saleha mwenyewe ndiye aliyemchagua, akisema aliyewahi kuosha kikombe kisicho chake hatarudia tena maisha yake yote.

Kwa niaba ya jiko, ofisi na bweni zima, asante, Bi Saleha. Tunakuombea goti jepesi, wajukuu wasiokuchosha, na asubuhi zisizo na simu ya madam yeyote. Nyumba yako iko mitaa miwili kutoka hapa, kwa hiyo usijifanye unasafiri. Kile kikombe cha uzi wa kijani hatujampa mtu tangu Machi ile. Sasa ni chako, kifuniko cha chupa ukiache. Kila Ijumaa nitakimiminia chai pamoja na vya wengine, na siku tutakapoona kimebaki kwenye beseni, Murad atageuza gari.