Sista Aliyezikwa Kabla ya Kupika Uji

Sogeeni wanangu, acheni kunong'onezana habari za dawa, dawa haitakimbia. Nina maneno mengi na pumzi kidogo, kwa hiyo asinikatize mtu. Nimemaliza kusoma kitabu! Ndiyo, mimi baba yenu, niliyeshona vitabu vya watu miaka arobaini bila kusoma hata kimoja, nikijigamba kwamba seremala halali kwenye kila kitanda anachochonga.

Ni riwaya ya maisha ya sista mmoja aliyeacha nyumba kubwa ya baba yake akaenda kuuguza wakoma. Sista gani yule, wanangu! Ana hasira za marehemu mama yenu na ukaidi wangu mimi. Anamsingizia mwenzake, mshika funguo za ghala, kwamba ameiba unga. Mwenzake anafukuzwa hadharani, na kumbe unga umeliwa na panya. Nilisoma huku nikipiga godoro ngumi, dada yenu akaja mbio akidhani nakata roho. Nikamwambia niache, ndiyo kwanza naanza kuishi!

Kisha sista akafa. Nililia, sifichi. Wakamzika, wakaimba, nikafunua ukurasa, nikamkuta yuko jikoni anakoroga uji.

Si mlinisikia juzi nikipiga kelele, "Muujiza!"? Nilidhani kafufuka. Nikatafuta malaika, nikatafuta kaburi wazi, wapi! Anakoroga tu na kulalamikia moshi. Hapo moyo ukanilipuka, nikajua hilo si jambo la Mungu, ni jambo la fundi.

Kitabu chenyewe mnakijua kwa sifa mbaya. Ndicho alichotuletea katekista miaka kumi na tisa iliyopita, kimechakaa, namba za kurasa zimeliwa na mende, tukishone upya. Baba yenu mdogo akapanga mikunjo, zile karatasi zinazokunjwa pamoja kabla ya kushonwa, nayo ilikuwa kumi na miwili, mimi nikashona. Baada ya wiki katekista akakirudisha mbele ya wateja, akasema hadithi imevurugika. Nikamgeukia mdogo wangu, nikamwita mzembe, nikamwambia mikono yake inafaa kukunja nguo za dobi. Akajibu neno moja tu, "Kaka, fungua uangalie." Sikufungua. Akachukua sindano yake akaenda zake, kitabu nikakitupa juu ya kabati, na nyinyi nikawakataza hata kumsalimia njiani.

Juzi ndipo nilipofungua. Ndani kabisa, pale uzi unapopita, kila mkunjo una namba ya penseli kwa ule mwandiko wake wa kuinama: tisa, kumi, kumi na mbili, kumi na moja. Kazi ya mshonaji ni kutazama namba kabla ya kuingiza sindano, nami sikutazama, nikatanguliza wa kumi na mbili, kwa kuwa nilikuwa fundi mkubwa, nashona huku napiga soga. Nyani haoni kundule, wanangu. Kosa lilikuwa langu tangu siku ya kwanza, na nimemtesa mtu wa tumbo moja nami bure.

Basi sikilizeni. Karakana, kibano kikubwa cha mbao na chumba cha nyuma ni vya baba yenu mdogo. Wewe mkubwa, kunjua uso, nyumba hii inawatosha nyote; utafanya kazi chini yake, na akikuambia fungua uangalie, fungua! Kitinda mimba nimemtuma asubuhi akamwite. Asipokuja, mpelekeeni kitabu kama kilivyo, msiguse uzi hata mmoja, aone kosa langu kwa macho yake.

Ngojeni, utamu bado! Kwa jinsi nilivyokishona, kitabu kinaishia sista amesimama kwenye mvua, mlangoni kwa yule aliyemsingizia, mkono umeinuliwa abishe hodi. Karatasi imekwisha! Nusura nirarue shuka. Kumbe jibu nilishalisoma nisilielewe, mstari wa kwanza wa mkunjo wa kumi na mbili: "Ingia, mbona umekawia?" Anayesema ni yule aliyefukuzwa! Sista alikufa amesamehewa, wanangu, kitabu kizima kinageuka! Nililia tena, safari hii kwa furaha.

Nipeni maji... basi, yanatosha. Mungu awape macho ya kutazama kabla ya kushona. Awape ndimi nyepesi za kusema nimekosa. Mpendane... msingoje miaka...

Kimya. Mnasikia ngazi? Kikohozi kile nakijua. Mfungulieni, mfungulieni upesi!

Ingia, mdogo wangu, mbona umekawia... Aa, hapana. Hayo ni yako wewe kuniambia mimi. Ona, nimetanguliza tena mkunjo wa mwisho. Kaa hapa karibu, sauti yangu haifiki mbali. Nianze na ule wa kumi na moja. Nilifungua, nikaangalia. Ni mimi. Nisamehe.