Viti Vitatu vya Baba

Ndugu, jamaa na marafiki, mimi ni kitinda mimba wa marehemu, familia imenipa kazi hii ya kusoma kwa sharti kwamba nisiropoke, nitajitahidi, ila no promises.

Baba yetu alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, mtoto wa pili wa seremala, akasoma msingi, sekondari na chuo kikuu, na mwaka 1979 akaanza kufundisha falsafa ya maadili, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu mwaka 2011, akitoka na vumbi la chaki mifukoni na hakuna cha zaidi.

Alifunga ndoa na Mama, mkunga, tarehe 12 Juni 1982, wakajaliwa watoto wawili, dada yangu, na mimi mwenye digrii inayoning'inia ukutani kama kalenda ya mwaka jana.

Wanafalsafa wake tulikula nao, maana viti vitatu vya mezani vilikuwa vyao, na mwenye shauri alilazimika kukalia kimoja baada ya kingine na kukitetea kwa dhati, kiti cha Mjerumani wa wajibu, asemaye lililo sahihi hufanywa hata likiuma, kiti cha Mwingereza, apimaye jambo kwa raha itakayowapata walio wengi, na kiti cha Mgiriki, ambaye haulizi ufanye nini, anauliza unataka kuwa mtu wa namna gani. Nilipomwomba ampigie simu mwanafunzi wake wa zamani, siku hizi bosi, anipatie kazi, alinikalisha vyote, nikashindwa vyote, nikanuna kweli kweli, na bosi mwenyewe namwona pale nyuma, karibu msibani mheshimiwa, CV yangu unayo.

Januari mwaka huu ikagundulika saratani, imeshasambaa, shangazi akaamuru kwamba mgonjwa haambiwi, mtamuua kabla ya siku zake, nikatumwa mimi kumdanganya kuwa anaendelea vizuri. Baba alinitazama, akaniambia nivute kiti. Wodini kilikuwa kimoja tu, cha plastiki, basi nikakihamisha, kichwani pa kitanda nikamsemea Mjerumani, ubavuni nikamsemea Mwingereza, na miguuni, zamu ya Mgiriki, nikazishika nyayo zake juu ya shuka, nikamwambia ukweli. Akacheka kidogo, akasema leo ndiyo umehitimu, sasa nirudisheni kwa mke wangu.

Alirudi, akawa anakaa na Mama barazani wakimenyeana machungwa, akaagana na kila mtu isipokuwa shangazi, aliyesusa, na tarehe 9 Aprili akafariki, mkono wake ukiwa mkononi mwa Mama.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuchotea maji bila kuombwa, na walimu wenzake. Shangazi, Baba aliacha neno, kwamba kiti cha Mwingereza ni chako, maana hukutaka aumie, kwa hiyo leo tukitoka hapa twende nyumbani ukakikalie, mimi nitakutilia chai.

Baba, lala kwa amani, mezani hatukosi mtu.