Bahari ya Ukumbi wa Meno

Benchi letu liko chini kidogo ya barabara, mkabala na dirisha kubwa la kliniki mpya ya meno ambayo bado inanukia rangi. Ukikaa hapo huoni sakafu ya ukumbi wala viti. Unaona ukuta kuanzia mita moja na nusu kwenda juu, na dari. Asubuhi hiyo tulikuwa wanne, ukiacha Mama Kahawa na birika lake. Nilikuwepo mimi, na Nahodha, ambaye aliwahi kumenya viazi melini kwa wiki tatu na hajatua mpaka leo. Alikuwepo Waziri, kinyozi anayejua mambo ya serikali zote. Na katikati yetu alikaa fundi vioo tunayemwita Milimita, ana karatasi magotini na penseli sikioni, amenyoa, amevaa shati la harusini. Saa nne daktari angekuja kuiona hiyo karatasi.

– Soma tena, nikasema. Polepole. Waziri alikuwa anapuliza kahawa.

– Tangi la kioo, akasema Milimita. Urefu mita tatu. Kioo kinene milimita kumi na tisa. Ndani maji ya chumvi, mchanga mweupe, mwamba na matumbawe hai yanayokua. Samaki wa rangi. Kabati la kubebea tangi, sentimita themanini. Kioo kwenda juu, sabini.

– Matumbawe hai, akasema Mama Kahawa. Yaani daktari anataka bahari nzima ukutani.

– Nzima, Mama. Na anachagua kati yangu na ile kampuni ya mjini yenye sare.

– Sare hazikati kioo, akasema Waziri.

– Miaka ishirini na mbili naweka madirisha, akasema Milimita. Mtu anasimama mbele ya kazi yangu anaangalia nje. Kioo kikiwa kizuri hakionekani, kikiwa kibovu naitwa. Hii ndiyo kazi ya kwanza mtu atasimama aangalie kioo chenyewe. Naitaka, jamani.

Kisha Nahodha akakohoa, na Nahodha akikohoa ujue kuna jambo linakuja.

– Kaka, kabati lako fupi.

– Fupi vipi?

– Geuka utazame dirisha. Themanini na sabini ni mita moja na nusu. Sisi hapa tunaanza kuona wapi?

Milimita akageuka. Akafumba jicho moja. Akaona alichokiona.

– Mita moja na nusu, akasema.

– Kwa hiyo samaki wote watakuwa chini ya macho yetu. Bahari inakuja mtaani kwetu, imejengwa na mtu wa benchi letu, halafu sisi tunaangalia dari. Mtaa wa pili wana chemchemi ya saruji isiyotoa hata tone, wanaionyesha kwa wageni mwaka wa sita huu. Sisi tuwe na bahari tusiione?

– Nahodha kasema kweli, nikasema. Na nilisema kwa nguvu, sikatai.

– Isitoshe, akaendelea Nahodha, samaki wa maji ya chumvi hapendi kukaa chini. Melini nimewaona. Anataka upeo.

– Uliwaona wapi, na wewe ulikuwa jikoni?

– Jikoni kuna dirisha, Waziri.

Milimita akafuta themanini, akaandika mia moja na sitini. Akaitazama. Kifua kikatanuka.

– Sasa hiyo ni kazi, akasema Waziri, lakini kioo nacho ni kidogo. Sabini? Kitu cha mtaa kiwe na hadhi. Weka mia na kumi.

– Kwa sababu gani?

– Ya kitaalamu. Mgonjwa wa meno ana shida gani? Hataki kufungua mdomo. Sasa mkalishe kwenye kiti, samaki wako juu karibu na dari. Atafanyaje? Atainua kichwa. Na binadamu akiinua kichwa kushangaa kitu, mdomo unafunguka wenyewe. Jaribu.

Sote tukainua vichwa. Midomo ikafunguka. Mama Kahawa akatutazama wanaume wanne tumeachama barabarani asubuhi, akatikisa kichwa.

– Mnaona, akasema Waziri, na yeye bado kaachama. Daktari anawakuta tayari.

– Mimi naongeza pampu, akasema Nahodha. Mbili, kubwa. Zipige wimbi kulia, zipige wimbi kushoto. Mgonjwa akitazama dakika tano anapata kizunguzungu cha melini. Sindano ya ganzi ya nini tena?

– Na atapike kwenye sakafu mpya, akasema Mama Kahawa.

– Hayo ni ya mfagizi, Mama, mimi niko kwenye sayansi.

Nami sikutaka kubaki nyuma. Nikasema taa ziwe za kuchomoza na kuzama polepole, samaki wajue asubuhi na jioni, ili mtaa mzima usihitaji saa. Milimita alikuwa anaandika kila kitu. Mia na kumi ikaingia, pampu zikaingia, taa zangu zikaingia. Alipomaliza akaishika karatasi mbali na uso, kama mzazi anayetazama picha ya mtoto aliyehitimu.

– Mita mbili na sabini kutoka sakafuni, akasema. Dari iko mita mbili na themanini. Zimebaki kumi za taa. Imeingia kama soksi mguuni.

– Wale wa sare sasa watasoma namba, akasema Waziri.

Hapo ndipo akatokea mwanamke mfupi, wa makamo, ana ufunguo wa kliniki mkononi. Akamwomba Mama Kahawa kikombe, akasimama nyuma ya Milimita akinywa na kusoma begani kwake.

– Hilo ndilo tangi la mwanangu? akauliza.

Milimita akasimama.

– Shikamoo, mama. Daktari ni mwanao?

– Marahaba. Ni mtoto wa kaka yangu. Mimi ni shangazi yake, na mimi ndiye nitakayekaa mapokezi. Zuri. Refu.

– Refu, tukasema kwa pamoja, na hatukuficha furaha.

– Samaki nitawalisha mimi, na kioo kwa ndani nitafuta mimi. Sasa mkono wangu utapitia wapi?

Milimita akatazama karatasi. Akaigeuza juu chini, labda upande huo ungejibu. Nahodha akakohoa, safari hii hakikuja chochote. Waziri akagundua kikombe chake kina kitu cha kutazamwa ndani. Mimi nilifunga kiatu ambacho hakina kamba.

– Ngazi, akasema Nahodha hatimaye.

– Ngazi itanifikisha kwenye dari, mwanangu. Halafu?

Kwenye kona lilikunja gari la daktari.

Niliona shingo ya Milimita imelowa. Akaitazama karatasi, akatutazama sisi, na sitasema jicho lile lilikuwa na upole. Kisha akatoa tepu mfukoni.

– Shangazi, naomba mkono wako.

Akampa. Milimita akapima kutoka kwapani hadi ncha ya kidole kirefu.

– Sitini na nne. Simama wima. Kutoka chini hadi kwapani, mia na kumi na tano.

Akageuza karatasi upande mweupe. Penseli ilikwenda bila kusimama.

– Kabati themanini. Kioo sitini. Kijukwaa cha kukanyagia, ishirini na tano. Juu wazi kabisa, taa zining'inie kwa mnyororo. Vidole vifike mchangani, kwapa lisilowe.

– Wale wa mjini, akasema shangazi, walipima ukuta na dari. Mimi walinisalimia tu.

– Na sisi je? akanong'ona Nahodha. Hatutaona kitu.

– Nahodha, akasema Milimita bila kuinua kichwa, tangi ni la huyu.

Shangazi akamaliza kahawa, akavuka barabara pamoja na Milimita na tepu yake. Sisi tulivumilia kama nusu dakika. Kisha tukapanda juu ya benchi, sote watatu, tukishikana mabega, na Mama Kahawa akitusihi tusimwangushie vikombe.

– Unaona nini? akauliza Waziri, maana yeye ndiye mfupi.

– Daktari kainamia karatasi, nikasema. Shangazi kanyoosha mkono juu kama anaapishwa. Milimita anaonyesha maji yanaishia wapi.

– Daktari anasema nini?

– Ngoja. Anakunja mkono wa shati.

– Wa nini?

– Kaunyoosha kwa Milimita. Anataka naye apimwe.