Esteria Ang'oa Nanga

Baada ya kutusomea habari kwa miaka ishirini na miwili, Bi Esteria Mahona anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Alijiunga na redio yetu hapa Bariadi akitokea kufundisha shule ya msingi, na ualimu hakuuacha: ukikosea neno hewani, utamkuta anakusubiri mlangoni.

Alizaliwa Nassa, kwenye nyumba ya wavuvi. Sisi tukisema mambo yamekwenda mrama, tunasema tu. Yeye alituonyesha mrama wenyewe, akiyumba studioni huku na huku kama mtumbwi uliopigwa wimbi ubavuni, mpaka chai ikamwagikia mitambo. Fundi mitambo ni mimi. Nilinuna siku mbili.

Lakini neno lake hasa ni nanga, na ndilo lililomponza. Msimu mmoja alitangaza kwa furaha kwamba ununuzi wa pamba umeng'oa nanga. Nassa walielewa kuwa safari imeanza. Lalago walielewa kikulima: kule mtu hung'oa miti ya pamba mavuno yakiisha, akaichoma. Basi waliokuwa njiani na mikokoteni ya ng'ombe wakageuza, wakiamini msimu umefungwa, na mzani ukashinda mtupu.

Bosi alitaka tusome masahihisho, yaishe. Esteria hakukubali. Alipanda bodaboda hadi Lalago, amepakata jiwe la nanga la marehemu baba yake, lenye tundu la kamba. Akawaeleza kwamba neno limetoka mbali, kwa mabaharia wa Uajemi walioliita langar, na Waswahili wakalilainisha. Kwamba nanga ikishushwa chombo kimefika, ikipandishwa kinaondoka. Mzee Ndaki, mkulima wa hapo, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Sawa, mayu, mama yangu. Ila kwetu ukishang'oa umemaliza. Wewe sema wameanza kununua." Esteria alicheka hadi akakalia gunia la pamba. Tangu siku hiyo, kwenye habari zetu mambo huanza tu, hayang'oi chochote.

Wiki hii tulibishana kuhusu bango la sherehe. Mimi nilitaka "Ametia nanga", maana kazi imefika mwisho. Rahma wa mapokezi alitaka "Ameng'oa nanga". Tulipomuuliza mwenyewe, alitusimulia habari za mama yake. Bi Nyanjige yuko Nassa na macho yake hayaoni tena. Kila jioni huwasha redio ajue kama mwanawe ni mzima. Akisikia mafua kwenye sauti, asubuhi simu inalia. Esteria ameishi na hofu kwamba siku mama atakapomhitaji, yeye atakuwa studioni akisoma habari za watu wengine. Ndiyo maana alikataa mkataba wa nyongeza tuliombembelezea. Ilituuma. Sasa tumeelewa.

Rahma ameshinda. Nanga inang'olewa hapa Bariadi. Ya kutia ataitia Nassa, mwenyewe.

Ahsante, dada Esteria, kwa sauti yako na kwa ukali wako. Mungu akupe afya, na akuachie mama kwa miaka mingi. Tarehe 1 Julai jioni taarifa ya habari tutaisoma sisi, na hatutakasirika tukimkosa msikilizaji mmoja kule Nassa. Redio yake itakuwa imezimwa, kwa sababu msomaji yumo ndani.