Mwalimu Muringo na Neno Ngoma

Marehemu Mwalimu Esteri Muringo Warui alizaliwa tarehe 9 Agosti 1943 huko Kiriaini, mtoto wa tatu wa mzee Kibui na mama Nyagathii. Alisoma kwa shida wakati wa Hali ya Hatari, akahitimu ualimu mwaka 1963.

Alifundisha Kikuyu madarasa ya chini hadi alipostaafu. Mwaka wake wa kwanza, mkaguzi kutoka pwani aliwaambia watoto, "Kesho kila mtu aje na ngoma." Kesho yake darasa lilikuwa tupu, kwani kwetu ngoma ni pepo, ni shetani. Mwalimu akazunguka nyumba hadi nyumba.

"Jamani, mgeni anataka vitu vya kupiga, hataki mashetani yenu!"

"Yetu umeyaonea wapi, mwalimu?" mama mmoja akamjibu.

Mwalimu hakuvumilia neno lisemwe kwa sauti bapa, kwani katika Kikuyu sauti ikipanda au ikishuka, maana hubadilika. "Lipandishe, lishushe," alituambia hata tukila irio.

Mwaka 1966 alifunga ndoa na marehemu Samweli Warui wa hapa Gakindu, wakajaliwa Mathenge, Wanja na mimi, Nyagathii, niliyepewa jina la bibi.

Januari mwaka huu wa 2019 kiharusi kilimfanya awe na ulimi mzito, na sauti yake ikawa bapa. Alhamisi tarehe 14 Machi, Mathenge alipokuwa akimnywesha uji nami nikiwa kando, Mama alitamka neno moja, akafariki.

"Nyagathii, umesikia? Ameniita ngoma!"

"Amesema ngome. Yaani, niache nilale."

"Unaweza kuapa?"

Sikuweza.

Sehemu hii haimo kwenye karatasi mlizoshika. Ninaisoma maana neno la mwisho la mzazi ni baraka au ni laana, na kaka yangu hali, halali. Yuko pale kwenye ua, anaogopa kugusa udongo wa kaburi.

Kaka, Mama alishikilia kwamba neno ngoma limetokana na gukoma, yaani kulala kwa Kikuyu. Ngoma ni aliyelala, mtu wetu aliyetangulia. Ushetani alibandikwa baadaye. Basi hata kama ulisikia sawasawa, huenda alikuwa anajitaja yeye. Sina hakika. Ninaogopa kama wewe.

Ameacha watoto watatu, wajukuu saba na dada yake, Wambura.

Mama, lala salama. Mathenge, udongo wa kwanza ni wako. Njoo tuushike pamoja.