Kumuaga Mwalimu Hapo Sasa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Chuo. Mkuu wa Chuo. Walimu na wafanyakazi. Mafundi mliofunga maduka yenu leo ili mje kumwona aliyewafundisha kushika mkasi. Wazazi, waume, wake na watoto wa wahitimu. Wahitimu wenyewe kumi na mmoja, mnaong'ara ndani ya nguo mlizojishonea. Mama, mke wa Mwalimu wetu, uliyeketi hapo mbele na mkoba wako magotini. Na wewe, Mwalimu, ambaye tangu niliposimama umekuwa ukiitazama kola yangu wala si uso wangu: habari za asubuhi.

Desturi inanitaka niseme sasa kwamba itifaki imezingatiwa. Sitasema, na sababu yake si kiburi. Nimeombwa nizungumze juu ya maneno ambayo midomo yetu huyatamka yenyewe, na ingekuwa aibu nianze kwa mojawapo. Kazi yangu ni kuwasaidia waliopoteza usemi waupate tena, na kazi hiyo imenipa ugonjwa wa kuhesabu. Mkuu wa Chuo, kaka yangu, katika dakika nane ulizotukaribisha umesema "kimsingi" mara kumi na tisa. Mheshimiwa Mwenyekiti, wewe ni mtu wa "kwa namna ya pekee", na umekwisha kutushukuru kwa namna ya pekee watu wote tuliomo ukumbini, hata sijui ni nani aliyebaki wa kushukuriwa kwa namna ya kawaida. Nanyi wa viti vya nyuma msicheke sana. Nilipokuwa nikipita kati yenu kutafuta nafasi nimesikia "yaani", nimesikia "si unajua", na nimemsikia mama mmoja akimaliza kila sentensi kwa "ndo hivyo tena", ingawa alichokuwa akisimulia ni harusi, na kwa sauti yake ilikuwa harusi nzuri.

Mimi mwenyewe sijapona. Siku ya kwanza nilipoingia katika karakana ya ushonaji ya chuo hiki, niliwaambia wanafunzi kwamba mwalimu wao angepata nafuu kwa kiasi fulani, kwamba walitakiwa kuwa wavumilivu kwa kiasi fulani, na kwamba wangeweza, kwa kiasi fulani, kumsaidia. Kiranja wao, mama mwenye wajukuu wawili ambaye wenzake humwita Mama Darasa, akavua futi iliyokuwa shingoni mwake, akainyoosha mbele yangu.

"Daktari, samahani. Hicho kiasi fulani ndiyo sentimita ngapi? Tukikate kabisa."

Mimi si daktari, lakini hilo sikupata nafasi ya kulisahihisha. Tangu siku hiyo ninaitwa Bi Kiasi Fulani, na najua kwamba hata sasa wapo wanaohesabu.

Ndugu zangu, nani hapa hajui neno la Mwalimu? Kwa miaka thelathini na minne amekuwa akizunguka kati ya meza za kukatia na safu za cherehani akisema "hapo sasa". Mshono ukinyooka: hapo sasa! Uzi ukikatika: hapo sasa. Mgeni akichelewa, umeme ukirudi, mwanafunzi akichumbiwa, ni hilo hilo. Vizazi vya wanafunzi vimemwigiza nyuma ya mgongo wake, na baadhi ya mafundi walioketi hapa wamekiri kwangu kwamba walikuwa wakiwekeana zamu ya kuhesabu. Walimwita Mwalimu Hapo Sasa akiwa hayupo, kisha wakamwita hivyo akiwepo, naye akaitika.

Mwaka jana, katika likizo fupi, kiharusi kilimpiga. Mkono na mguu vilirejea upesi. Usemi haukurejea. Aliletwa kliniki kwetu akiwa anaelewa kila kitu, anatambua kila uso, anakasirika panapostahili kukasirika, lakini kila alipofungua kinywa lilitoka neno moja tu. Nilimwonyesha picha ya kijiko, akasema: hapo sasa. Nikamwonyesha mkasi, chombo alichokishika maisha yake yote, akautazama kwa huzuni ambayo sijaisahau, akasema: hapo sasa.

Alikuwa amebakiza mihula miwili astaafu, na darasa la watu kumi na mmoja lililokuwa nusu ya safari. Bodi, kwa haki kabisa, ilimpa muhula mmoja. Mwisho wake angefundisha somo moja mbele ya wajumbe. Akishindwa, angepumzishwa kwa sababu za afya na darasa lake ligawanywe kwa walimu wengine. Mkewe aliniambia kwamba Mwalimu hakuwa akiogopa kufa wala kulemaa. Aliogopa kuondoka akiwa ameacha nguo juu ya meza haijapigwa pindo.

Hapa ndipo ninapoingia, na sijivunii sana nilivyoingia. Nilikuwa nimesoma, na bado naamini kuna ukweli ndani yake, kwamba neno moja linapotawala kinywa cha mgonjwa namna ile huyazibia njia maneno mengine. Basi nikaweka sheria. Mwalimu alikatazwa kusema "hapo sasa". Nikawaagiza na wanafunzi: akilisema, msigeuke, msiitike, fanyeni kama hamkusikia, ili alazimike kutafuta neno jingine. Mama Darasa akauliza, "Hata akiwa anatuita?" Nikasema hata akiwa anawaita. Waliniheshimu kwa sababu nilikuwa na karatasi mkononi.

Wiki ya tatu wanafunzi walikuwa wakikata makoti meupe kumi na moja ya wahudumu wa kliniki yetu. Mafundi mnajua ninachotaka kusema. Kwa wengine nitaeleza. Mkono wa koti una mbele na nyuma, kwa hiyo wa kulia na wa kushoto hutazamana kama mtu na kioo. Ukikata wa kwanza, lazima uigeuze ile karatasi ya kipimo kabla ya kukata wa pili. Wao walipanga vitambaa safu kumi na moja, vyote vikiwa vimelala upande mmoja, wakachora kwa chaki, wakakata; kisha wakaisogeza karatasi bila kuigeuza, wakachora tena. Mwalimu alikuwa upande wa pili wa meza. Aliona. Akasema, "Hapo sasa!" Hakuna aliyegeuka. Akapaza sauti: "Hapo sasa! Hapo sasa!" Akapiga meza kwa kiganja. Na watu wazima kumi na mmoja, wanaompenda kama baba, wakainamisha vichwa na kuendelea kukata, kwa sababu mtaalamu alikuwa amewaagiza.

Tukapata mikono ishirini na miwili, yote ya kushoto.

Mnacheka, na mcheke, maana leo ni siku yake. Lakini siku ile Mwalimu hakucheka. Alivua futi yake shingoni, akaiviringisha vizuri, akaiweka juu ya meza, akaenda nyumbani. Hakurudi kesho yake, wala wiki iliyofuata. Kliniki pia hakuja.

Aliyekuja ni mkewe. Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa akakataa chai.

"Mwanangu," aliniambia, "wewe umesoma, mimi sikusoma. Lakini nikuulize. Mtu nyumba yake imeungua, kimebaki kiti kimoja. Wewe unakuja na kumwambia asikikalie?"

Nikaanza kumweleza juu ya njia za maneno ndani ya ubongo. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

"Sawa. Mimi hiyo hapo sasa nimeichukia miaka thelathini. Nilimtafutia dada yake mume, hapo sasa. Nilimzalia watoto watatu, kila mmoja hapo sasa. Nikimpikia, hapo sasa. Nikimnunia, hapo sasa. Nilikuwa namwambia, we mwanamume, huna neno jingine? Leo hasemi hata hilo. Nyumba imenyamaza kama duka lililofungwa. Nirudishie kelele yangu, mwanangu. Nimezoea kuichukia."

Kesho yake nilikwenda karakana bila karatasi. Nilimwuliza Mama Darasa kitu ambacho ningepaswa kukiuliza mwanzo: mlikuwa mkimwelewa? Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama anaujua mlango wa kwake.

"Tulimwelewa vizuri tu! Akiipandisha mwishoni, hapo sasaa, ni sawa, endelea. Akiishusha, fumua. Akiikata katikati, toa mguu kwenye pedali haraka, sindano iko karibu na kidole. Akiivuta huku anapumua, ujue pasi inaunguza. Akiisema kwa pua, kuna mtu anapiga domo."

"Na akiirudia mara mbili?"

"Mara mbili ni sisi kina mama wa huku mbele. Anatutania."

Wenzake wakaanza kuongeza, wakibishana, kila mmoja akiimba ya kwake. Niliandika namna saba. Wao wanasema ni tisa. Nimesikiliza rekodi zangu mara nyingi na bado nasikia saba, lakini si mimi niliyefundishwa kushona kwa hizo tisa, kwa hiyo huenda kosa liko masikioni mwangu.

Tulimwendea nyumbani, wote kumi na wawili, tukiwa na koti moja lililoshonewa mikono miwili ya kushoto. Mama Darasa akanivalisha mbele yake. Mwalimu alinitazama nikihangaika na bega la kulia. Uso wake ukakunjuka polepole, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta, na kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi na sita akasema, "Hapo sasa!" Mkewe akakimbilia jikoni. Alisema anakwenda kutazama chungu. Jikoni hapakuwa na moto.

Tangu hapo tulibadili njia. Badala ya kulizuia neno lake, tuliligeuza kuwa mlango wa kutokea. Alisema "hapo sasa" kwa mdundo aliouzoea, na mwishoni mwake tukajaribu kupachika neno moja, kama mtu anavyopachika kipande cha kitambaa kwenye pindo fupi. Siku ya tisa kipande kilishika. Alimwonyesha mwanafunzi mshono uliopinda, akasema: "Hapo sasa... fumua." Karakana nzima ilipiga makofi, na aliyefumuliwa ndiye aliyepiga kwa nguvu zaidi. Habari zilipofika nyumbani, Mama alinipigia simu.

"Miaka thelathini na nne ya ndoa, na neno la kwanza linalorudi ni fumua! Hebu mwambie ajaribu na jina langu."

Alijaribu. Lilirudi la nne, baada ya "kata" na "pasi". Mama anasema amesamehe, ila hajasahau.

Mheshimiwa Mwenyekiti, siku ya somo mbele ya Bodi ulikuwepo, kwa hiyo utanisahihisha nikitia chumvi. Mwalimu aliingia akiwa na maneno kumi na manne na futi shingoni. Alifundisha kupachika kola. Alionyesha kwa mikono, akasema hapo sasa zake zote, saba au tisa, na darasa likamfuata kama kwaya inavyomfuata mwimbishaji wake. Wajumbe walikuwa wakiandika. Alipomaliza, uliinuka ili utoe neno la shukrani kwa namna ya pekee. Mwalimu akakukaribia, akalishika pindo la koti lako, akaligeuza, akalitazama kwa ndani, akatikisa kichwa.

"Hapo sasa," alisema. "Fumua."

Mkuu wa Chuo alifumba macho. Nami nikafumba. Tulipoyafumbua, Mheshimiwa, ulikuwa umekwisha kulivua koti, umesimama na shati, unauliza, "Fundi gani amenifanyia hivi?" Somo la pili halikuwa kwenye ratiba, na ndilo lililotupa ruhusa ya muhula mwingine. Leo umelivaa koti hilo hilo, na pindo lake limenyooka.

Je, nimejifunza nini? Mtu wa fani yangu angependa kufunga kwa kanuni, na nimejaribu kuiandika mara tatu. Ningependa kusema kwamba neno la mazoea ndiyo roho ya mtu. Lakini naogopa hilo, kwa sababu wako watu ambao mazoea yao ya kusema ni kichaka cha kujificha, na "kiasi fulani" yangu ni mojawapo. Ningependa kusema kwamba kilichotumika kwa Mwalimu kitawafaa wagonjwa wote. Sina hakika. Wao hawana darasa lililokaa likimsikiliza mtu kwa makini kiasi hicho. Ninachoweza kusema bila kukikatia kipimo ni kimoja, na Mama Darasa alinitaka nikiseme leo mbele yenu wote. Mwalimu, niliwaagiza wanafunzi wako wasikusikie. Nilikosea. Siongezi kitu mbele ya neno hilo wala nyuma yake.

Bado jambo moja, kisha nimpishe mwenye siku. Ratiba inasema vyeti vitatolewa na Mkuu wa Chuo. Mwalimu ameomba majina ya wahitimu ayasome yeye. Wenzangu wa kliniki wanajua uzito wa ombi hilo: majina ya watu ndiyo yanayokuja kwa shida kuliko maneno mengine yote. Amefanya mazoezi kwa wiki saba. Wiki iliyopita aliyapata sita kati ya kumi na moja. Jana aliyapata manane. Leo sijui, na yeye hajui.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Akisita, msimpe jina. Hata kama mhitimu ni binti yako wa kumzaa, funga mdomo. La pili, msishtuke jina likigoma naye akasema lile neno lake. Hilo wamekwisha kulipanga bila kunishirikisha. Nimelijua juzi tu, kwa kusikiliza mlangoni. Kila mmoja wa hawa kumi na mmoja ana hapo sasa yake, aliyoitiwa kwa miaka miwili, yenye sauti ambayo mwenzake hawezi kuidhania kuwa yake. Mimi siwezi kuzitofautisha. Wao wanaweza. Jina lije au lisije, hakuna atakayebaki ameketi.

Kwenu nyote mliofunga maduka, mliosafiri, na mliovumilia kunisikiliza nikiwa ndani ya koti hili ambalo bega lake la kulia haliniruhusu hata kuwapungia mkono, natoa shukrani zangu zote, tena kwa mkono wa kushoto, na mnisamehe adabu hiyo, kwa kuwa ndio pekee nilioshonewa. Mmenipa masikio yenu kwa muda mrefu. Sasa mpeni yeye.

Mwalimu, karibu. Hapo sasa.