Baba Gurudumu na Bolti Iliyokataa Kutoka

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Sogeeni karibu na redio, na aliye jikoni apunguze moto kidogo. Leo tunamkumbuka fundi mmoja wa magari. Alifariki Jumanne asubuhi, kitandani kwake, baada ya kusumbuliwa na moyo. Fundi wa magari, amefariki kitandani kwake. Nimelisema mara mbili kwa makusudi. Mimi ni mama mwenye vijana wawili gereji, na kila wakitoka asubuhi roho yangu inabaki mlangoni mpaka warudi.

Mtaani walimwita Baba Gurudumu. Jina hilo hakulipata kwa kuuza matairi. Alilipata kwa desturi yake. Akiinua gari kwa jeki, aliweka stendi za chuma za kulibeba. Halafu lile gurudumu alilolifungua hakuliegemeza ukutani kama wenzake. Alililaza chini ya ubavu wa gari. Jeki, stendi, gurudumu. Hata kama alikuwa anakaza nati moja tu, ni hivyo hivyo. Wenzake walimcheka sana. Walisema magari yake yanatandikiwa godoro. Mmoja alimuuliza kama na shuka huwa anayafunika. Baba Gurudumu alicheka pamoja nao, kisha akalaza gurudumu.

Mkewe nilimkuta juzi sebuleni, amekaa kwenye kochi la mumewe, hataki mtu mwingine alikalie. Aliniambia hivi: "Mwanzoni nilimwona mwoga, dada yangu. Mwanamume mzima anaogopa gari ambalo hata halijawashwa. Nikazoea. Ikafika mahali nikipita uani nikaona gari limeinuliwa na chini yake kuko wazi, moyo unanidunda kama nimeacha mtoto karibu na kisima."

Shikeni maneno hayo, wasikilizaji wapendwa, maana kisa chenyewe kinaanzia hapo.

Mama huyu ana mdogo wake wa kiume. Baba Gurudumu alimwita shemeji, na utani wao ulikuwa hauishi. Huyu shemeji alinunua gari la spoti, jekundu, la zamani, la viti viwili. Limekaa chini mno. Baba Gurudumu alimwambia kwamba ukishuka kwenye gari hilo majirani watadhani umetoka kuugua. Lakini shemeji alilipenda kuliko usingizi wake. Likaanza kuyumba nyuma, na ikabidi lifunguliwe, pale uani kwa dada yake.

Nieleze taratibu, kwa sababu hapa ndipo watu wanapodanganyika. Nyuma, chini ya gari, kuna mikono ya chuma inayoshika magurudumu. Kila mkono umefungwa kwa bolti ndefu. Bolti inapita ndani ya kibomba cha chuma, na kibomba kimezungukwa na mpira. Miaka inapita, maji yanaingia, kutu inashika. Bolti na kibomba vinakuwa kitu kimoja. Ukivuta spana, bolti inazunguka kidogo. Unafurahi. Ukiachia, inarudi ilikotoka. Kumbe ulikuwa unapinda mpira tu.

Shemeji aliona inazunguka, akasema imeachia. Baba Gurudumu akamjibu kwamba haijaachia, ni mpira unamchekea. Hapo panataka moto, akasema, na mtungi wa gesi uko gereji. Akamwomba asiguse kitu mpaka arudi. Aliondoka akiliacha gari juu ya jeki, stendi na gurudumu.

Shemeji hakusubiri. Mtu akishaona bolti imezunguka, mkono unamwasha. Alitafuta bomba refu, akalichomeka kwenye mpini wa spana ili apate nguvu. Stendi ya upande ule ikazuia bomba. Akaitoa. Gurudumu likamzuia miguu. Akalivuta nje. Ikabaki jeki. Jeki peke yake, wasikilizaji wapendwa, na mtu kalala chini.

Dada yake akatokea na chai. Hakujua habari za bolti wala kibomba. Aliona tu chini ya gari kuko wazi. Akaweka sinia chini, akalisukuma lile gurudumu kwa mguu mpaka likaingia chini ya ubavu, jirani na bega la mdogo wake. Shemeji akanung'unika huko chini. "Na wewe dada umeshakuwa fundi?" Dada akamwambia anyamaze, atoke anywe chai. Shemeji akasema anakuja, avute mara moja tu.

Akavuta. Gari likasogea. Jeki ikalala.

Gari likamshukia kifuani, likagota kwenye gurudumu. Mbavu zilivunjika. Lakini pumzi ilipata pa kupita. Nafasi ile ilikuwa ndogo, dada yake anaipima kwa kiganja chake mpaka leo. Ndani ya nafasi ile mtu alibaki hai.

Majirani walikuja mbio. Wakashika gari, wanataka kulinyanyua kwa mikono. Wakati huohuo Baba Gurudumu akaingia uani na mtungi wake. Hakupiga kelele. Aliwaambia waache, kwa sababu likiwaponyoka litamaliza kazi iliyobaki. Akawatuma mbao na jeki nyingine kwa jirani. Jeki ilipofika, aliiweka mwenyewe mahali pagumu, halafu mpini akampa mkewe. Si majirani wenye misuli. Mkewe.

Kisha akalala chini, shavu kwenye sakafu, akamwangalia shemeji yake usoni.

"Shemeji, nakufa," akasema yule wa chini.

"Leo hufi. Dada yako ameshamimina chai. Unamjua mwenyewe, hakubali mtu aondoke bila kunywa."

Akawa anasema taratibu: pandisha, simama. Pandisha, simama. Mkewe anapandisha. Kila gari likipanda kidogo, jirani anasukuma ubao. Pandisha, simama. Mpaka wakamvuta miguu akatoka, hai, amejaa kutu kama bolti yenyewe.

 

Shemeji alirudi kutoka hospitali na neno moja: gari liuzwe chuma chakavu. Baba Gurudumu alikataa. Alisema wapo watu wanaonunua chakavu wakakitengeneza, na atakayelinunua atalala chini ya bolti ile ile, wala hatajua ilifanya nini. Basi akaianza upya, hiyo na mwenzake ya upande wa pili, mbele ya shemeji yake aliyekaa kwenye kiti na bandeji kifuani, amekatazwa kucheka. Na kwa vile amekatazwa kucheka, kila siku Baba Gurudumu alimjia na kichekesho kipya.

Alifungua tangi la petroli, akalipeleka mbali kabisa. Akaweka ndoo ya mchanga karibu. Alilowesha bolti mafuta ya kulegeza kutu asubuhi na jioni, akaiacha inywe. Halafu alipasha moto kile kibomba, siyo bolti, mpaka mpira ukatoa moshi. Alirudisha nati kwenye ncha ili nyundo isiharibu nyuzi za bolti, akagonga polepole. Mbele kidogo, nyuma kidogo. Bolti ya kulia ikatoka. Ya kushoto ikakataa katakata. Hiyo aliikata kwa msumeno mwembamba, katikati ya mpira na masikio ya chuma yaliyoishikilia, mchana kutwa, na masikio yale hayakupata hata mkwaruzo. Shemeji alisahau kwamba amekatazwa, akacheka, akapiga makofi, akalia kwa maumivu ya mbavu, akapiga tena.

Gari lile bado linatembea. Siku ya mazishi lilifuata jeneza polepole. Shemeji aliniambia: "Ubavu ukinichoma wakati wa baridi, simlaani mtu. Namshukuru yule mzee, na namshukuru dada."

Kwa mjane, kwa watoto, kwa wajukuu, na kwako wewe shemeji unayetusikiliza, poleni. Poleni tena. Mmeondokewa na mtu ambaye tahadhari yake iliwaingia hata waliokuwa wanapika chai. Mungu ampumzishe, kazi aliimaliza.

Na ninyi mnaonisikiliza, msifikirie baadaye. Fikirini sasa. Kama hapo kwenu yupo mtu chini ya gari wakati huu, mume, mtoto, mpangaji, yeyote, nenda uani ukamwambie atoke kwanza. Atasema ni dakika moja tu. Mwambie hapana. Atanuna. Mwache anune. Mtu aliyenuna jioni unampakulia chakula, na anakula.

Nenda. Nitaweka muziki wa taratibu, nami nitanyamaza mpaka urudi.